Mkufu Uliorudi Mwepesi: Maisha ya Lalla Rahmouna, Mpambaji wa Maharusi wa Tlemcen

Marehemu alikuwa ameketi uani katikati ya sufu ya magodoro matatu, fimbo mkononi na kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi, anaipiga na kuichambua kama alivyofanya kila mwezi wa Septemba kabla ya mvua, wakati jirani yake Bi Khadouj alipoingia bila hodi na kusema, "Lalla Rahmouna, acha hayo, mkufu wako umerudi kutoka harusini, unang'aa mpaka unaumiza macho!" na marehemu, badala ya kufurahi kama ambavyo mtu mwingine angefurahi, aliteremsha kitambaa na kuuliza, "Unang'aa kwa nini?"

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 Septemba 1979. Sufu ile iliachwa pale pale, usiku ikanyeshewa, na watoto walilalia magodoro yanayonuka kondoo mpaka mwezi wa Novemba.

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja jioni hii ya tatu, familia inaanzia siku hiyo kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, akasema kuzaliwa kila mtu amezaliwa na hakuna la kujivunia, lakini siku ya mkufu ni yake peke yake, "Muanze nayo, Badra awe amekaa mbele, na msipunguze neno." Badra ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, na amekaa mbele. Kwa karibu miaka arobaini ameitwa mwizi katika mji huu, wengine wakilisema wazi na wengine wakikunja midomo tu, na kabla ya sahani kuguswa jioni hii jina lake linapaswa kurudi kwake likiwa safi. Hilo ndilo deni la historia hii, mengine yote yatasomwa kwa utaratibu wake.

Marehemu Rahmouna binti Benali alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 katika mtaa wa Bab Zir, hapa Tlemcen, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Mzee Benali, mfumaji wa mablanketi, na mkewe Bi Mansouria, aliyekuwa mpambaji wa maharusi kama mama yake alivyokuwa kabla yake. Alianza shule ya msingi ya wasichana mwezi wa Oktoba 1945, akasoma mpaka 1951, akafaulu hesabu kuliko masomo mengine, kisha baba yake akamtoa na kumpeleka katika karakana ya mazulia, ambako alikaa miaka mitano na kutoka na vidole vigumu na tabia ya kuhesabu mafundo hata akiwa anaongea na mtu. Mwalimu wake alikwenda nyumbani kumwombea arudi shuleni, Mzee Benali akamsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akasema, "Hesabu ameshajua, sasa atahesabu nini huko kwenu?" na habari ikaishia hapo.

Tarehe 22 Agosti 1957 aliolewa na Bwana Ghaouti Bensalah, mfanyakazi wa reli, mtu mpole aliyependa ndege wa vizimbani, wakajaliwa watoto wanne, Nadjet mwaka 1959, Fouzi anayewasomea maneno haya mwaka 1961, Amaria mwaka 1964 na Kamel mwaka 1969, na katika nyumba hiyo hiyo alilelewa Badra, ambaye wazazi wake walifariki akiwa na miaka kumi na mbili. Marehemu ndiye aliyemsuka nywele, akamshonea gauni la shule, akamfundisha kupika na baadaye kupamba. Watu husahau hili wanaposimulia ugomvi wao, huwasimulia kana kwamba walikuwa wapinzani tangu mwanzo, kumbe Badra alilala ubavuni mwa marehemu miaka ile ya vita mpaka uhuru, Bwana Ghaouti alipokuwa zamu ya usiku.

Siku ya harusi ya marehemu, mama yake Bi Mansouria alimvika mkufu wenye sarafu kumi na tisa za dhahabu, na kutoka hapo ndipo kazi yake ya maisha ilipoanza. Kumi na moja zilikuwa lwizi, zile za Kifaransa za faranga ishirini zenye jogoo, sita zilikuwa soltani za zama za Waturuki, na mbili zilikuwa dinari za masultani wa zamani wa mji wetu, pana na nyembamba, zenye maandishi pande zote. Mkufu huo alikuwa akiwaazima maharusi wanaovaa chedda, lile vazi letu zito la harusi, kwa malipo yanayojulikana, na kwa malipo hayo alinunua sarafu nyingine, moja moja, mpaka akawa na mikufu mitatu na sarafu za akiba ambazo hakumwonyesha mtu, hata mumewe, ambaye alikuwa akisema, "Mimi najua idadi ya ndege wangu, yake simuulizi."

Mwalimu wake wa dhahabu alikuwa sonara wa Kiyahudi aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Kissaria, Bwana Mardoché, ambaye alimfundisha kuigonga sarafu kwenye jiwe la marumaru na kusikiliza, kuilinganisha na nyingine ambayo haijawahi kuvaliwa, na kutomwamini anayeuza kwa haraka. Lwizi moja ina uzito wa gramu sita na karibu nusu, soltani haifiki tatu na nusu, na dinari ya masultani, ambayo imeenea kiganjani kama jani la mzabibu, haifiki tano. Mama za maharusi walizitaka dinari zikae mbele kifuani kwa sababu ya upana wake, wakidhani iliyo pana ndiyo nzito, wauza dhahabu walizitaka lwizi kwa sababu bei yake ilijulikana kila asubuhi, na wakusanyaji waliofika kutoka Algiers na vioo vya kukuzia walizitaka dinari tu, wakawa tayari kulipa mara nne na mara tano ya uzito wake, lakini wakiona tundu la kupitishia kitanzi walirudisha mkono mfukoni. Marehemu alikuwa akisema kwamba sarafu yenye tundu mkusanyaji haitaki na isiyo na tundu bibi harusi hawezi kuivaa, kwa hiyo kila sarafu ina mtu wake wa kumtapeli, kazi yako ni kujua wewe ni yupi.

Bwana Mardoché alipohama mwaka 1962 alimuuzia mizani yake ndogo ya shaba, na kuanzia hapo nyumba hii haikupata utulivu. Alipima sukari ya dukani, alipima nyama mbele ya mchinjaji, akapima hata hina aliyoletewa zawadi. Mtu akija kuuza sarafu aliisikiliza sarafu kwanza, halafu mtu. Mnamo mwaka 1971 aliupima ule mkufu wa mama yake mzima mzima, na uzi wake wa hariri, lulu zake na vitanzi vyake, akapata gramu mia moja thelathini na mbili, na namba hiyo aliishika kichwani kama wengine wanavyoshika tarehe za kuzaliwa watoto. Watoto wake, kusema kweli, aliwachanganya tarehe.

Badra alianza kufuatana naye kwenye harusi mwaka 1965. Marehemu alivalisha na kuamuru, Badra alichora nyusi, akapaka rangi za mashavuni na kuwachekesha maharusi wasilie, kwa kuwa machozi huharibu kazi, na ilipokuwa lazima mpambaji mmoja abaki na bibi harusi mpaka siku ya tatu kulinda vito, Badra ndiye aliyebaki, akala na kulala huko, akarudi na mikufu kifuani chini ya nguo. Walikuwa wakigombana kwa kila kitu na kucheka kwa kila kitu. Wanawake waliwaita mkasi, kwa sababu ya kukata watu kwa maneno wakiwa wawili.

Sasa tunarudi kwenye ile siku ya sufu. Harusi ilikuwa ya Fadela, binti wa watu wa Oran aliyeolewa hapa kwetu, na Badra alikuwa amekaa naye siku zote tatu. Marehemu aliingia ndani na vumbi lake mwilini, akauchukua mkufu mikononi mwa wifi yake, akazihesabu sarafu, zikawa kumi na tisa, akaupeleka kwenye mizani, ukatoka gramu mia moja ishirini na saba na nusu. Alipima tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini ambayo watoto wake waliiogopa kuliko kelele, "Badra, nani mwingine ameushika?"

"Bibi harusi ameuvaa, ulitaka auangalie tu?"

"Mbona umesuguliwa?"

"Wameufuta, wifi. Watu wa Oran wasafi, si kama sisi."

Marehemu alijua kwamba wapo watu wanaokwangua kingo za sarafu kwa tupa, kidogo kidogo, wakakusanya unga wa dhahabu bila sarafu hata moja kupungua, na kwamba sarafu iliyokwanguliwa hung'aa. Gramu nne na nusu ni zaidi ya soltani nzima. Alikwenda kwa sonara aliyekuwapo wakati huo, naye akaangalia kingo, akasema zimelika, lakini dhahabu hulika yenyewe kwa kuvaliwa, akamshauri, "Kata uzi, Lalla, tuzipime moja moja kwa lwizi ambayo haijavaliwa, ukweli utaonekana saa hii hii," na marehemu akakataa, kwa sababu uzi ule ulipitishwa na mkono wa mama yake, na kwa sababu mpambaji hakati uzi wa mkufu wakati bibi harusi wa mwisho aliyeuvaa hajamaliza siku zake arobaini, ndoa ikija kuvunjika lawama zitamrudia. Angengoja siku arobaini, yangeisha. Hakungoja.

Alhamisi ya wiki hiyo, hamamu, bafu la umma la mtaa, ikiwa imejaa wanawake na watoto, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha moto kwamba kuna mikono ambayo ikipita juu ya dhahabu, dhahabu inakonda. Badra aliweka ndoo yake chini, akasimama katikati kama alivyozaliwa, akasema, "Basi nipime na mimi, Rahmouna, hapa hapa, mbele ya watu, uone nimenenepa kiasi gani!" Wanawake walicheka, marehemu hakucheka. Akajibu, "Wewe sikupimi. Nilikulea bila kukupima, na hilo ndilo kosa langu."

Neno hilo la pili ndilo lililofanya kazi. Badra alihama jioni ile na kifurushi kimoja kwenda kwa shangazi yake upande wa Bab El Djiad. Hakuna nyumba iliyomwita tena kupamba, kwa maana nani atamlaza mtu wa namna hiyo chumba kimoja na vito vya ukoo, na watu wa Nedroma waliokuwa wameanza kuleta maneno ya posa walinyamaza, hawakuja kukataa, walinyamaza tu. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Toka siku hiyo ameishi kwa kushona vifungo vya kaftani, vile vidogo vya uzi, mia kwa mia, mpaka macho yakamwisha. Familia haisemi haya ili kumhuzunisha mtu. Tumeambiwa tusipunguze.

Bwana Ghaouti, ambaye mmoja alikuwa mkewe na mwingine damu yake, hakusema upande wowote, ila kila Ijumaa baada ya swala alibeba sahani iliyofunikwa kwenda Bab El Djiad, akarudi nayo tupu. Marehemu alijua. Alikuwa akiijaza sahani mwenyewe, akaiweka juu ya meza, akageuka kuosha sufuria ili asionekane ameijaza. Mara moja tu alisema, "Inatoka imejaa inarudi tupu, angalau hiyo haina ubishi." Bwana Ghaouti alifariki tarehe 4 Mei 1998, na Ijumaa iliyofuata sahani ilikuwa juu ya meza, haina wa kuibeba, akaibeba Kamel.

Kazi ya marehemu iliendelea, na shaka nayo ikaendelea kukua pamoja naye. Hakuazimisha tena mkufu bila kuupima mbele ya mama wa bibi harusi na kumtaka aiangalie sindano ya mizani kwa macho yake, na ukirudi alipima tena kabla ya kusema karibu. Alimshuku sonara kwamba alijua na kuficha, akamshuku Bi Khadouj kwa kuwa ndiye aliyeleta habari, akawashuku wakwe zake wawili kwa kuwa walikuwa wakwe. Amaria alipoolewa mwaka 1987 alivaa mikufu yote mitatu na mama yake alikaa nyuma ya kiti chake usiku kucha, hakula, hakupiga kigelegele hata kimoja, alikuwa anahesabu. Watoto wake wamekula vizuri, wamevaa vizuri na wamesomeshwa kwa dhahabu hiyo, na hilo lazima lisemwe, lakini hakuna aliyewahi kuingia chumbani kwake bila kuulizwa anatafuta nini.

Mnamo mwezi wa Julai 2013 Fadela, yule bibi harusi wa mwaka 1979, ambaye siku hizi anaishi Lyon, alikuja kumuoza mwanawe, akafika nyumbani kuazima mkufu ule ule kwa ajili ya mkamwana wake. Marehemu alitoa mizani. Fadela akaanza kucheka.

"Bado unapima tu, Lalla? Mama yangu, Mungu amrehemu, angekupenda. Siku ile ya harusi yangu aliuangalia mkufu wako akasema huu hauwezi kurudishwa kwa wenyewe namna hii, ni aibu. Akautia kwenye sufuria na sabuni, akauchemsha, maji yakatoka meusi kama kahawa! Tulimficha yule mpambaji wenu mdogo asituone, alikuwa amelala masikini, amechoka."

Marehemu aliweka mizani chini polepole. "Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Badra amekupa nini uje kuniambia maneno haya?"

"Badra ndiye nani?" akauliza Fadela.

Wenyeji mnajua, ila kwa vijana na wageni ni vizuri kueleza, kwamba bibi harusi wa kwetu pamoja na dhahabu huvaa skhab, ule mkufu wa shanga nyeusi zinazofinyangwa kwa karafuu, mahalabu na miski, unaokaa kifuani katikati ya sarafu na kunukia mpaka mwisho wa sherehe, na kifua cha bibi harusi aliyevaa chedda kina joto la tanuri. Shanga hizo hulainika. Unga wake huingia ndani ya hariri, ukajaza vitanzi, ukakaa nyuma ya kila sarafu pale kitambaa hakifiki, na wapambaji wa hapa hawaoshi mikufu yao kwa maji, hufuta tu, kwa kuwa wamefundishwa kwamba sabuni inakula dhahabu. Mama wa Fadela alitoka Oran, hakuyajua haya. Yeye aliona uchafu, akachemsha maji.

Marehemu hakukubali siku hiyo, wala ya pili. Alisema watu wakikaa Ulaya huwa waongo wa kuchekesha. Siku ya tatu alifunga mlango wa jikoni, akachukua mkufu wa pili, ambao tangu autunge ulikuwa haujawahi kuguswa na maji, akaupima, akaweka sufuria motoni. Nyumba nzima ilinukia harusi. Watu walitoka vyumbani wakiuliza kuna nini, hakuna aliyejibiwa, na alipouanika mkufu juani ukakauka na kuupima, ulikuwa umepungua gramu tatu na kitu, na maji ndani ya sufuria yalikuwa meusi. Alipima mara nyingi. Kisha aliona mizani ndiyo mbovu, akamtuma Amaria kuazima ya muuza viungo wa jirani, nayo ikasema vile vile. Mwisho wake alichukua mkasi, akakata uzi wa mama yake, akazilinganisha lwizi zote kumi na moja, moja moja, na lwizi ya akiba ambayo haikuwahi kuvaliwa, na hapakuwa na hata moja iliyopungua zaidi ya ule upungufu mdogo wa sarafu inayosuguana na nguo kwa miaka mingi. Hazikukwanguliwa. Hazikuwahi kukwanguliwa. Zile gramu mia moja thelathini na mbili alizozishika kichwani maisha yake yote zilikuwa na karafuu ndani yake.

Aliwaambia watoto wake hivyo hivyo, kwa maneno machache, akiwa amesimama, kisha akauliza nani ataosha sufuria.

Kesho yake alivaa haiki yake, lile shuka jeupe la kujifunika, akakataa kusindikizwa, akaenda Bab El Djiad kwa miguu. Amaria alimfuata kwa nyuma bila kuonekana, na yaliyosemwa mlangoni familia imeyapata kwake na kwa shangazi Badra mwenyewe, na kwa mara hii moja masimulizi yao yanafanana.

"Umekuja kupima nini?" Badra aliuliza bila kufungua.

"Fungua, Badra. Haikuwa wewe."

"Najua haikuwa mimi. Miaka yote hii najua. Wewe ndiye umejua leo."

"Ilikuwa skhab. Waliuchemsha."

Mlango ukafunguka kidogo. "Siku ya kunivua nguo hamamu ilijaa," alisema Badra. "Leo umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi rudi ukawalete. Ulinichafua mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu, wasipungue wale. Wewe si mtu wa kupima? Pima na hao."

Na hapa tunasoma jambo ambalo marehemu hakulipenda lakini hakuruhusu liondolewe, kwamba alishindwa. Aliwaalika wanawake nyumbani mara mbili, akawapa chai na keki za lozi, wakakaa wakamtazama, naye akafungua mdomo akazungumzia bei ya dhahabu. Alikwenda hamamu siku ya Alhamisi na maneno yote tayari, akaoga, akarudi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, hakuna aliyemfundisha, na ulimi wake aliokuwa anakata nao watu ulikataa kugeuka. Mwishowe alirudi kwenye ule mlango akamwambia wifi yake, "Badra, nimepata. Watu wengi kuliko wote watakaowahi kuingia nyumbani kwangu watakuja siku nikifa. Nitaacha agizo, yatasomwa yote."

"Na wewe utakuwa umejificha chini ya udongo."

"Nitakuwa nimejificha, ndiyo. Lakini wewe utakuwa umekaa mbele, unasikia."

Badra alifikiri. "Basi," alisema, "usinicheleweshe."

Walicheka wote wawili pale mlangoni, mara ya kwanza tangu mwaka 1979, na Amaria aliyekuwa kwenye kona alidhani wanalia. Toka hapo marehemu alikuwa akienda kuzungumza naye kila Ijumaa, akiwa nje na mwenzake akiwa kizingitini, lakini Badra hakuingia nyumba hii kula wala kunywa, alishikilia sharti lake, na marehemu alimheshimu kwa hilo kuliko alivyomheshimu mtu yeyote aliyekubali kirahisi.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2009, na mwezi wa Oktoba 2018 figo zikaanza kushindwa, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ambako aliwasumbua wauguzi kwa kuuliza damu yake inatoka kiasi gani na inarudi kiasi gani, na kumwambia mmoja wao, kijana mstaarabu sana, "Kilichobaki kwenye mpira huo ni changu pia." Mwezi wa Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Shangazi Badra alikuja kumwona, akakaa kwenye kiti ukumbini, hakushika kikombe. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 6 Februari 2019, alfajiri, akiwa na watoto wake wanne, akiwa na umri wa miaka themanini, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Kuhusu mikufu, aliagiza ipimwe kabla waombolezaji hawajaingia na ipimwe tena baada ya wote kuondoka, na mizani ashike Badra. Shangazi Badra amekataa, amesema hagusi chuma hicho hata kwa kitambaa, kwa hiyo imepimwa na Nadjet asubuhi na itapimwa na Nadjet kesho, na tunaomba wageni msilichukulie vibaya, ni agizo la marehemu, na hata akiwa maiti hatujaweza kumkatalia.

Sasa familia, mbele yenu nyote, inatamka kwa niaba ya Rahmouna binti Benali kwamba Badra Bensalah hakuchukua kutoka kwenye mkufu ule hata chembe, si mwaka 1979, si kabla yake wala baada yake, kwamba aliyoambiwa hamamuni hayakuwa kweli, na kwamba marehemu alifariki akijua hivyo na akiumia kwa hilo. Anayesikia awafikishie walio mbali, Nedroma ikiwemo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa mtaa mzima waliopika siku hizi tatu ili jiko letu lipumzike, na hasa watoto wa marehemu Bi Khadouj walioleta viti, wapambaji wenzake waliofika kutoka Maghnia na Nedroma, vijana waliobeba jeneza chini ya mvua, na wote ambao majina yao hatukuweza kuyataja.

Chakula kimeshapakuliwa wakati haya yanasomwa, wanaume ukumbini na wanawake uani, sahani moja kwa watu sita. Kabla hatujaanza kusoma, shangazi Badra alipita na fimbo yake kati ya sahani zote, akamwangalia kila mtu usoni, wale waliokuwapo hamamuni mwaka ule ambao bado wako hai, na mabinti wa waliokwisha tangulia, akarudi kukaa. Tulimuuliza kama wanatosha. Alisema, "Wametimia, tena wamezidi."

Lala sasa, Lalla Rahmouna, yamesomwa yote na hayakupunguzwa. Shangazi Badra, kijiko chako hicho hapo mkono wa kulia, anza wewe, sisi tunakungoja.